Haishiki, Haisomi, Haiandiki: Kibodi na Vitenzi Vyake katika Nyanda za Juu za Kusini

Makala yaliyokwisha kuandikwa kuhusu istilahi za kompyuta ni mengi, na karibu yote yameshughulika na majina. Tumebishana kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebishana kama kile kifaa chenye vitufe vya herufi kiitwe kibodi, baobonye au kicharazio. Mabishano hayo yalikuwa na faida yake, wala hatukusudii kuyabeza. Lakini mtu aliyeketi mbele ya mashine isiyoitikia vidole vyake hana shida ya jina, maana kifaa anakiona. Shida yake ni kusema kimeshindwa kufanya nini, na hapo hapana budi atumie kitenzi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kibodi ilivyofika katika ofisi na vyuo vya Mbeya na Iringa, jinsi namna ya kuiunganisha na kompyuta ya mezani ilivyobadilika, na jinsi mafundi wa huko walivyojipatia vitenzi vitatu ambavyo, kwa maoni yetu, vinapambanua hitilafu za kibodi vizuri kuliko orodha zetu nyingi.

Tuanze na taipureta, kwa kuwa ndiyo mama wa kibodi. Ule mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashine ya Mmarekani Christopher Sholes na wenzake, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Mashine za namna hiyo zilifika kwetu pamoja na misheni na ofisi za serikali ya kikoloni, zikawa chombo cha bwana shauri na karani wake. Mwaka 1967 ndio uliozipa kazi mpya. Katika mwaka huo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na katika mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Barua, mihtasari na nyaraka zilizokuwa zikipigwa chapa kwa Kiingereza zikaanza kupigwa kwa Kiswahili, na kwa mashine zilezile.

Hapa lugha yetu ilikuwa na bahati ambayo hatuitaji mara nyingi. Kiswahili hakina alama juu ya herufi zake. Alama pekee inayohitajika ni ile ya king'ong'o katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, nayo ilikuwapo tayari katika mashine za Kiingereza. Vitufe vya Q na X vilibaki bila kazi. Kitufe cha A, kinyume chake, kilitumikishwa kupita vyote, kwa kuwa hakuna herufi inayojirudia katika Kiswahili kama hiyo. Na kwa kuwa kimewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, mpiga taipu wa Kiswahili hufanya kazi ambayo waliobuni mpangilio ule hawakuifikiria. Hadi leo, ukitaka kujua kama kibodi imetumika kwa Kiswahili, tazama A yake.

Neno la kutaja hitilafu halikuwa tatizo katika enzi ya taipureta. Utepe ulikauka, nyundo zilipandana, herufi iliziba kwa wino na kutoa o kama doa. Hitilafu zote zilikuwa za kuonekana kwa macho, na zote zilikuwa ndani ya mashine moja. Taipureta haikuwa na kiungo kati ya kitufe na mashine kinachoweza kuchomolewa. Kitufe na mashine vilikuwa mwili mmoja. Kwa sababu hiyo lugha ya wapiga taipu haikuwa na neno la kutenga ubovu wa kifaa na ubovu wa kiungo chake, na haikulihitaji. Jambo hili msomaji alishike, kwa maana ndilo lililoleta taabu baadaye.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine halikuleta matunda yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hayo yaliondolewa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo wakati mashine ndogo za mezani zilipokuwa zikienea duniani, ofisi za Mbeya na Iringa ziliendelea na taipureta. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilileta Mbeya vitu vingi, lakini kompyuta za makarani hazikuwa miongoni mwake. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986 na ambacho kwa hatua mbili, mwaka 2005 na 2012, kilipanda hadi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilizaliwa katikati ya kipindi hicho.

Mpiga taipu wa Nyanda za Juu aliruka basi kutoka mashine isiyo na kiungo hadi mashine yenye kiungo, bila kupita katikati. Tena alipofika alikuta viungo si kimoja.

Kompyuta ya mezani ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kibodi yenye waya na kichwa kinene cha mviringo chenye pini 5, cha kipimo kilichowekwa na taasisi ya viwango ya Ujerumani. Mwaka 1984 IBM ilitoa mashine nyingine yenye kichwa cha umbo lilelile, ila namna ya kupeleka habari ilikuwa imebadilishwa. Kibodi ya zamani iliingia katika tundu la mashine mpya bila taabu, ikakaa imara, na isifanye kazi. Watengenezaji wengine wakaweka swichi ndogo chini ya kibodi ili mtumiaji achague namna moja au nyingine. Mwaka 1987 IBM hiyohiyo ilileta kichwa chembamba chenye pini 6 kilichojulikana kwa jina la PS/2, ambacho kilienea hasa baada ya mwaka 1995 umbo la ubao mkuu wa kompyuta lilipobadilika. Kwa kuwa tundu la kibodi na tundu la kipanya yalifanana kabisa, ilibidi baadaye yapakwe rangi: zambarau kwa kibodi, kijani kwa kipanya. Mwaka 1996 kikatoka kiungo cha USB, ambacho hakijali kifaa ni kipi.

Marufuku yalipoondoka, na hasa mashine zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani zilipoanza kuletwa kama mitumba au misaada, vichwa hivyo vyote viliweza kukutana katika chumba kimoja. Tuliwahi kuingia katika stoo ya shule moja mkoani Mbeya, tukakuta kibodi za pini 5, za pini 6 na za USB zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani kama kuni. Mwalimu aliyekuwa na ufunguo alituambia kwamba zote zimekufa. Alikuwa na hakika ya jambo hilo, na hakuwahi kulijaribu.

Neno hilo, kufa, ndilo tunalolilalamikia. Katika taarifa za ofisi, kibodi yoyote isiyoandika imekufa, au imegoma, au, kwa vijana, inazingua. Haya ni maneno ya enzi ya taipureta yaliyohamishiwa mahali yasipotosha. Yanasema kifaa kina ubovu, na hayasemi ubovu uko wapi. Wafasiri nao hawakusaidia sana. Programu ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, na kazi za Kiswahili za Microsoft zilizofuata, zilitupatia maelfu ya majina ya mambo yaliyo ndani ya skrini. Kazi hizo tunaziheshimu. Ila hitilafu ya kiungo hutokea nyuma ya mashine, chini ya meza, palipo na vumbi jekundu la kiangazi cha Iringa, na huko mfasiri hafiki.

Fundi hufika. Fundi wa Mwanjelwa au wa Miyomboni huenda amesoma ufundi wake kwa Kiingereza, lakini mteja wake hueleza tatizo kwa Kiswahili na hutaka kuelezwa kwa Kiswahili. Katika haja hiyo tumesikia vitenzi vitatu vikitumika kwa utaratibu ambao si wa kubahatisha.

Cha kwanza ni haishiki. Fundi husema kibodi haishiki pale umeme usipopita kati ya kichwa cha waya na tundu. Huenda kichwa hakikuingia sawasawa, huenda pini imepinda, huenda waya umekatika ndani ya ganda lake na hugusagusa tu ukiuchezesha, huenda panya halisi ameutafuna pamoja na waya wa kipanya. Katika pini 6 za kichwa cha PS/2 ni 4 tu zinazofanya kazi: moja huleta umeme wa volti 5, moja ni ya ardhi, na 2 hubeba habari pamoja na mapigo ya kuzipangia muda. Ikipinda ile ya umeme, kibodi ni kipande cha plastiki. Dalili yake ni nyepesi. Mashine inapowashwa, vitaa 3 vilivyo upande wa juu kulia wa kibodi ya kawaida humeta mara moja. Visipometa, shuku umeme kwanza.

Cha pili ni haisomi. Hapa umeme unafika, vitaa vimemeta, lakini kompyuta haiitambui kibodi. Kitenzi hiki kimekwisha kuenea nchi nzima: diski haisomi, kadi haisomi, laini ya simu haisomi. Msanifu wa lugha angeweza kunung'unika kwamba anayesoma ni kompyuta wala si kibodi, kwa hiyo ilipasa kusemwa haisomwi au haisomeki. Sisi hatunung'uniki. Kiswahili husema pia chumba hiki kinalala watu wanne, na hakuna anayedhani kwamba chumba kina usingizi. Kibodi ya mwaka 1981 iliyochomekwa katika mashine ya mwaka 1984 ilikuwa inashika ila haisomi. Vivyo hivyo kibodi ya USB iliyovalishwa kichwa cha kubadilishia ili iingie katika tundu la zambarau: kichwa hicho hubadilisha umbo la pini tu, na kama kibodi yenyewe haikutengenezwa kujua lugha zote mbili, itashika na isisomwe. Wengi wamelipia vichwa hivyo wakidhani wamenunua dawa.

Cha tatu ni haiandiki. Kibodi inashika, inasoma, ila herufi hazitokei. Ili kupambanua hali hii na ya pili, mafundi hubonyeza kitufe cha Caps Lock na kutazama kitaa chake. Watumiaji wengi hudhani kitaa hicho huwashwa na kibodi. Sivyo. Kibodi hupeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa, na ni kompyuta inayorudisha amri ya kuwasha taa. Taa ikiwaka na kuzimika kwa kidole chako, habari zinakwenda na kurudi. Kiungo hakina kosa, na ubovu utafutwe katika vitufe vyenyewe au katika programu. Aghalabu chanzo ni chai iliyomwagika. Wakati mwingine chanzo ni jambo la ajabu kidogo: katika mashine za Windows, ukikishikilia kitufe cha Shift cha kulia kwa sekunde 8, huamshwa utaratibu uliowekwa kwa ajili ya watu wenye mikono inayotetemeka, na mashine huanza kupuuza mibonyezo mifupi. Karani aliyeegemea meza akizungumza na mgeni huweza kuuamsha bila kujua, kisha akaamini kibodi imekata roho.

Iko pia hali ambayo mafundi huiita kuandika vingine, nayo haina uhusiano na waya. Katika mpangilio wa Uingereza alama za kufungulia usemi ziko juu ya 2. Katika mpangilio wa Marekani hapo pana @. Mashine zetu zimetoka pande zote mbili, na kibodi ya upande mmoja ikitumiwa na mashine iliyopangwa kwa upande wa pili, alama hizo hubadilishana nafasi. Hii hurekebishwa katika mipango ya lugha ya mashine, bila kugusa kichwa cha waya.

Msomaji anaweza kuuliza kama upambanuzi huu una uzito wowote nje ya banda la fundi. Tutoe kisa tulichokishuhudia. Miaka kadhaa baada ya 2000 tulikuwa katika ofisi moja ya umma mjini Iringa, ambayo haina haja ya kutajwa. Katibu muhtasi wa hapo, mama mtu mzima aliyeanza kazi kwa taipureta, alikuwa ameandikiwa barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini ameua kibodi 3 katika muda wa mwezi mmoja. Kibodi zenyewe zilikuwa zimerundikwa stoo zikingoja kufutwa katika daftari la mali, na maombi ya kununua nyingine yalikuwa mezani kwa mkuu wake. Aliitwa fundi kijana. Aliamkia, akapiga magoti chini ya meza, akachomeka kibodi ya kwanza, akawasha, vitaa havikumeta. Akaichukua kibodi hiyo hadi chumba cha pili, akaizima mashine ya huko, akaichomeka, akawasha, ikaandika. Akafanya hivyo kwa zote 3, na zote zikaandika.

“Mama, hizi hazijafa,” alisema. “Ni tundu la mashine yako ndilo halishikishi. Fyuzi yake imeungua.”

“Sasa katika barua niandike nini, mwanangu?”

“Andika hivyohivyo. Kibodi nzima, tundu halishiki.”

Sababu ya fyuzi kuungua inafaa kujulikana na kila mwenye mashine ya namna hiyo. Kiungo cha PS/2 hakikutengenezwa kuchomekwa wala kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Anayefanya hivyo huweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo katika ubao mkuu, na tundu hilo halitashika kibodi yoyote tena hadi itakapobadilishwa. Mhudumu aliyekuwa akisogeza meza kila asubuhi alikuwa akikivuta kichwa kikatoka, na mtu mmoja baada ya mwingine akikirudisha mashine ikiwa inawaka. Tundu la USB halina hatari hiyo, nalo ndilo lililomwokoa mama yule: kibodi ya USB ikachomekwa ubavuni, kazi ikaendelea. Lakini barua ya kujieleza ilikuwa imekwisha kuingia katika jalada lake, na iliingia kwa sababu lugha ya taarifa ya kwanza ilikuwa na kitenzi kimoja tu, na kitenzi hicho kilimtaka muuaji.

Kuna mahali pengine ambapo mfasiri huweza kusaidia au kuharibu. Kompyuta ya mezani, kabla ya kufungua programu yoyote, hujikagua viungo vyake. Mashine nyingi za zamani zisipoipata kibodi huandika kwa Kiingereza kwamba kibodi haipo, na papo hapo humwamuru mtumiaji abonyeze kitufe cha F1 ili aendelee. Ujumbe huu umechekwa dunia nzima, na tumeuona umefasiriwa kwa uaminifu kamili katika vijitabu vya mafunzo: Kibodi haipo, bonyeza F1. Mwanafunzi anayesoma hivyo hutazama mkono wake, hutazama mashine, huinua kidole, asijue pa kukiweka. Lililokusudiwa ni kwamba mashine itangoja hadi kibodi irudishwe. Mfasiri mwenye kujua ufundi angeandika: Kibodi haisomi, zima mashine, chomeka kibodi, kisha washa. Hapo F1 imetoweka, na maana imebaki.

Kuhusu majina tutasema machache. Baobonye lina asili inayoonekana, yaani bao na bonyeza, lakini hatujamsikia fundi akilitumia. Kicharazio limetokana na kucharaza, ambako ni kupiga ala ya muziki kwa ustadi, ingawa mwanafunzi hukumbuka kwanza kucharazwa bakora. Kibodi ndilo lililoshinda mitaani, na silabi yake ya kwanza imewatega wasemaji: wako wanaosema kibodi hiki na vibodi hivi, kama walivyofanya madereva kwa kipilefti na vipilefti, na wako wanaosema kibodi hii na kibodi hizi. Sisi tumefuata njia ya pili kwa kuwa ndiyo tuliyoisikia zaidi pamoja na vitenzi vyetu: haishiki, si hakishiki. Kwa tundu tungependelea lisiitwe mlango katika maelezo ya kuunganisha, maana mlango hufunguliwa na hufungwa, na tundu halifanyi lolote kati ya hayo. Na tungependelea kuchomeka pale penye waya, kuunganisha kukiachiwa kazi yake pana.

Kibodi zisizo na waya zimekwisha kuingia katika ofisi za Mbeya na Iringa. Kifaa kidogo cha kupokelea mawimbi, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, huchomekwa katika tundu la USB, na kibodi hukaa mbali ikiendeshwa na betri. Vijitabu vingine humwambia mtumiaji avioanishe vifaa viwili hivyo, neno ambalo limechekesha madarasa kadhaa na bado linatumika. Betri ikiisha, hakuna kichwa kilicholegea wala pini iliyopinda, na tulitazamia kwamba haishiki itaachwa. Haikuachwa. Tulipita banda moja la Mwanjelwa tukamkuta fundi ameishika kibodi ya namna hiyo mkononi, akimwambia mteja kwamba haishiki kwa sababu ya betri, na kwamba akileta betri mpya ikashika lakini isisome, airudishe pamoja na kile kidude cha kuchomeka, asikiache nyumbani.